Mikono ya mathe si mashine

Video yangu iliyotazamwa sana mwaka jana ni ya mathe akisukuma chapati. Sekunde 40 tu: mikono, unga, chapati duara kabisa. Watu wakaandika, "Huyu mama hachoki!" Nikawajibu wote kwa kopa.

Chenye hamkuona ni kwamba nilipozima kamera, alikung'uta mkono wa kulia kama mtu anayejikausha maji. Nilidhani ni unga.

Tangu niache chuo niko nyumbani, kwa hivyo naona mengi. Mathe alikuwa anaamka usiku mkono umekufa ganzi: kidole gumba, cha shahada na cha kati. Asubuhi kikombe kinamponyoka. Nikimuuliza, "Ni uzee tu, mwanangu." Ana miaka 46. Uzee gani?

Tukaenda kliniki. Mimi si daktari, hata kozi yangu sikumaliza, lakini hii nilielewa. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha neva pamoja na kano za vidole. Ukikunja kifundo na kukaza vidole kila siku, hapo ndani panaweza kuvimba na neva ikabanwa. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume.

Jumamosi moja nikahesabu. Chapati 20. Sukuma wiki ya kukatwa nyembamba. Ugali wa watu sita. Sufuria za kusuguliwa, nguo za kukamuliwa. Mkono ni uleule. Na sisi watoto watatu, watu wazima, tuko kwa kochi tukiuliza chakula kimefika wapi.

Basi tukabadilisha vitu. Kisu kinanolewa, maana kisu butu kinakulazimisha kukaza mkono. Chapati anasukuma akiwa amesimama, meza ikiwa chini kidogo ya kiwiko, kifundo kikiwa kimenyooka. Sufuria nzito inabebwa kwa mikono miwili. Anapumzika kabla mkono haujauma, si baada.

Lakini kitu kikubwa hakinunuliwi: ugali sasa nasonga mimi. Wa kwanza ulikuwa mabonge matupu, na mkono wangu ukaniuma siku hiyo hiyo. Braza akanicheka, eti nimeolewa. Aliyenishangaza ni mathe mwenyewe. Alitaka kuninyang'anya mwiko: "Wageni wakikupata hapa watasema nini?" Nikamwambia watasema ugali uko tayari.

Hajapona kabisa. Usiku anavaa kifaa cha kunyoosha kifundo, na ganzi imepungua. Daktari alituambia tungekuja mapema, maana neva ikibanwa muda mrefu, misuli ya kidole gumba huanza kuisha.

Ile video bado ipo. Sijaifuta, ila siwezi kuitazama bila kuona kile nilichokata mwishoni. Kama unasoma hii ukingoja kupakuliwa, inuka. Muulize kama mikono yake hulala usiku. Akisema ni uzee, usikubali haraka. Halafu chukua mwiko.