Rangi na Shahidi Wake

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo vyake tangu asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa kuitiwa shahidi. Kijani huitiwa jani, kahawia huitiwa kahawa, zambarau huitiwa tunda lake, na manjano ni yale yale yasagwayo jikoni. Mshairi asemapo rangi ya waridi, humpeleka msomaji kwenye ua ambalo msomaji huyo amekwisha kuliona. Asiyepata kuliona huambulia neno tupu.

Picha iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta ina haja ya shahidi vile vile. Picha hiyo ni safu za nukta, na kwa kawaida kila nukta hubeba tarakimu tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Lakini tarakimu 200 ya nyekundu haisemi ni wekundu gani. Skrini moja itaukoleza na nyingine itaupausha, na zote mbili zitakuwa zimeitii tarakimu ile ile.

Watu wa Geita, wanaoishi kwa dhahabu, hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Gramu 10 za dhahabu zikiwekwa mezani, swali la pili huwa ni la usafi wake. Zikiwa za karati 18, dhahabu halisi iliyomo ni gramu 7.5 tu. Mizani haikusema uongo, ilijibu ilichoulizwa. Profaili ya rangi ndiyo karati ya picha: ni maelezo yanayofasiri tarakimu zile kuwa rangi ambayo jicho la mtu lingeiona.

Bitimapu, aina ya faili za picha iliyoenea pamoja na Windows, huanza kwa herufi mbili, BM, kisha hufuata kichwa chenye maelezo. Kichwa kilichozoeleka tangu Windows 3.0 ya mwaka 1990 kina baiti 40. Humo mna upana wa picha, urefu wake na idadi ya biti za kila nukta, lakini hamna mahali pa kueleza rangi zimepimwa kwa kipimo gani. Mwaka 1993 kampuni kadhaa ziliunda International Color Consortium ili profaili za rangi ziwe na lugha moja, na mwaka 1996 Hewlett-Packard na Microsoft zikapendekeza kipimo cha pamoja kiitwacho sRGB. Kichwa cha bitimapu nacho kikarefuka. Windows 95 ilileta cha baiti 108, chenye nafasi ya kutaja kipimo cha rangi; Windows 98 ikaleta cha baiti 124, kinachoruhusu profaili nzima kusafiri pamoja na picha.

Kichwa hiki kirefu kinatoa njia mbili. Kwa alama MBED, profaili huwekwa ndani ya faili lenyewe. Kwa alama LINK, huandikwa jina tu la profaili iliyoko mahali pengine katika kompyuta. Faili likihamia kompyuta nyingine, jina lile huenda lisimpate mwenyewe, kama shairi lililotaja ua la bondeni likasomwa na watu wasioujua mmea huo.

Kwamba rangi ni jambo zito, Shinyanga ni ushahidi. Huko Mwadui, mahali ambapo John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940, lilipatikana mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Mwaka huo huo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alitunukiwa kwa arusi yake. Lilichongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katika moyo wa bruchi yenye umbo la ua. Thamani yake yote imo katika rangi. Lakini wengi wa watu wa ardhi lilikotoka wataijua rangi hiyo kwa picha tu, na picha ikikosea hawatakuwa na jiwe la kuisahihisha.

Ya almasi ni makubwa. Yapo na madogo. Mjini Geita kijana mmoja mwenye chumba cha picha aliletewa na mama picha ya mwanawe aliyefukiwa na shimo la dhahabu. Mama alitaka ikuzwe. Kijana aliinakili kwa skana, akaisafisha kwa kipimo kipana kiitwacho Adobe RGB, akaihifadhi kama bitimapu ya kichwa kifupi, akaituma Mwanza ikachapwe. Mashine ya huko, kwa kukosa maelezo, ilizichukua tarakimu zile kuwa za sRGB. Uso ukarudi umepauka.

Mama aliutazama kitambo. "Baba, mwanangu hakuwa na majivu usoni."

"Nisamehe, mama," kijana alijibu.

Hakuna tarakimu hata moja iliyokuwa imepotea njiani. Kilichokosekana ni neno la kuzieleza. Kijana alirudia kazi. Safari hii alizigeuza kwanza rangi ziwe za sRGB, kisha akatumia kichwa cha baiti 124 na kuitia profaili ndani. Alifanya yote mawili kwa kuwa programu nyingi hukiruka kichwa hicho bila kuisoma profaili, na shahidi asiyesikilizwa ni sawa na asiyekuwapo. Hata hivyo aliitia picha ya asili katika bahasha, akapanda gari, akavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, na huko Mwanza akaiweka kando ya ile iliyochapwa, akazilinganisha kwenye mwanga wa dirisha.

Mama alipoipokea hakusema lolote juu ya rangi. Alilitaja jina la mwanawe.