Vikabati vya Wifi Yangu wa Mwazye

Akina mama wenzangu, mwezi wa Julai nilikwenda nyumbani Mwazye kumwona kaka yangu na mkewe. Kwa wasiopafahamu, Mwazye ipo wilaya ya Kalambo, iliyomegwa kutoka Sumbawanga mwaka 2012, kusini ya mji ule kwa upande wa kuelekea Zambia. Ndiko alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Ufipa mwezi huo baridi yake si ya mchezo. Hata chai ukiiacha kidogo tu imekwisha poa.

Nilikuwa na wasiwasi wa mahali pa kulala. Nilipofika mara ya mwisho, magunia ya mahindi yalijaa chumba cha watoto hadi kugusa kenchi, na watoto wanne walilala sebuleni juu ya mkeka. Nguo zilikuwa ndani ya viroba, vyombo vya wageni chini ya kitanda, na panya walikwisha tafuna kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho. Kila msimu kaka alikuwa akiuza mahindi mara tu yakivunwa, bei ikiwa chini kabisa, kwa maneno yale yale: "Tutayaweka wapi?" Ikifika Februari, wifi ananunua mahindi kwa debe, naye ni mkulima wa Rukwa! Jambo hilo liliwagombanisha sana.

Tena mtu mmoja aliwashauri watie vidonge vya fosfini katika magunia yale yale ya chumbani. Mama, usikubali kamwe. Vidonge hivyo hutoa gesi inayoua wadudu, na gesi hiyo hiyo huua watu waliolala. Kufungua dirisha si kinga. Havitumiki katika nyumba ya kulala watu.

Safari hii wifi alinipokea mlangoni akicheka. "Karibu wifi, leo una chumba." Nikaingia nikitazama huku na huku. Hakuwa amejenga chumba kipya. Alimwita fundi seremala wa kijijini, akamwagiza vikabati 14 vya kipimo kimoja: upana sentimita 50, kimo 45, kina 40. Fundi alitaka kumtengenezea kabati moja kubwa la ukutani, wifi akakataa. Alikuwa na sababu. Mlango wa chumba ni mwembamba, kabati kubwa lisingepita. Tena kuta za matofali ya kuchoma zilizopigwa lipu kwa mkono hazinyooki. Kabati refu likigusa ukuta chini, juu linaacha upenyo wa kupitisha mkono. Kikabati kidogo unakikalisha peke yake, unakitia kabari ya mbao chini ya mguu, kinatulia.

Sasa tazama alivyovipanga. Vitatu vimekaa nyuma ya mlango, kimoja juu ya kingine, mahali ambapo zamani palikuwa pa fagio tu. Viwili viko chini ya dirisha, navyo ndivyo benchi la watoto. Mwisho wa ukumbi, ambapo paa linapanda na ukuta unakuwa pembetatu, amevipanga kama ngazi: vitatu, kisha viwili, kisha kimoja. Vilivyobaki vimegawanywa kwenye pembe za vyumba. Vinavyobebana vimefungwa kwa bolti mbili mbili na kushikizwa ukutani, mtoto akining'inia visimwangukie. Vya chini vina miguu ya sentimita 10, ili fagio lipite na mchwa waonekane mapema. Nyuma ameacha upana wa vidole viwili hewa ipite, maana mvua za Novemba hadi Aprili hulowesha kuta na nguo zikaota ukungu. Palipokosa nafasi ya kufungulia mlango wa kabati ametundika pazia la kitenge. Mimi pazia silipendi, lakini mlango unaogonga kitanda siupendi zaidi.

Nguo, vyombo, madaftari na vyeti vilipohamia humo, kile chumba kidogo cha nyuma, kilichokuwa kimejaa takataka za kila namna, kikabaki cha mahindi peke yake. Watoto wakarudi chumbani kwao. Nikamwuliza, mbona stoo hukuweka hata kikabati kimoja? Akanijibu, "Dumuzi, wifi." Mdudu huyu alitoka Amerika, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hatafuni mahindi tu. Hutoboa hata mbao kavu, akajificha humo, ukileta mavuno mapya anakungoja. Kwa hiyo stoo ni tupu, na chaga ambazo magunia hukalia huwa anazitoa, anazichunguza na kuzianika juani kabla ya msimu.

Mahindi yenyewe ameyatia katika mifuko ya PICS, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Ilitokana na utafiti wa kuhifadhi kunde huko Kameruni miaka ya 1980. Ukiifunga barabara, wadudu hukosa hewa wakafa, bila dawa yoyote. Ila punje ziwe zimekauka. Wifi hutia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, anatikisa. Chumvi ikigandamana na chupa, anarudisha mahindi juani. Mbegu za mwakani bado zinaning'inia juu ya moshi wa jikoni, kama mama mkwe wake alivyomfundisha. Hizo hakuzigusa.

Siku ya tatu alikuja mchuuzi na mzani wake begani. Kaka akamtazama mkewe. Wifi akamwandalia mgeni kiti na uji wa ulezi, akamsikiliza bei yake hadi mwisho, kisha akamwambia, "Baba, pita tena Januari."