Mafundi wa Buyenzi na Bati Lenye Kutu

Bujumbura, mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika ulioitwa Usumbura hadi miaka ya 1960, unao mtaa wa kale wa Buyenzi, wenye wasemaji wengi wa Kiswahili. Mtaa huo unasifika kwa gereji zake. Huko gari lililoliwa na kutu halitupwi. Bati bovu hukatwa, likaungwa jipya.

Mgeni hudhani kwamba chombo chenye kasi ndicho bora. Fundi stadi huanza kwa kutazama kilichoko nyuma ya bati. Grenda ya umeme hutoa cheche, na karibu na petroli cheche moja yatosha kuteketeza gari na fundi wake. Hapo tangi hufunguliwa na kuwekwa mbali, kisha hutumika mkasi wa bati au msumeno wa chuma. Moto wa gesi hulikunja bati la bodi, ambalo unene wake kwa kawaida haufiki milimita 1. Heri uachiwe vyuma vinene vya chasisi.

Mkato hupita penye chuma kizima, si ukingoni mwa kutu, ama sivyo kiraka hakitashika. Na miwani ya kukinga macho huvaliwa tangu mwanzo. Gari hupata bodi nyingine; jicho halina kiraka.