Mzeituni na Makaa ya Mawe

Leo tusafiri kwa mawazo mpaka Uturuki, upande wa magharibi. Katika kitabu cha Ufunuo tunasoma habari za makanisa saba ya Asia. Mawili kati yake ni Pergamo na Tiatira. Siku hizi Pergamo huitwa Bergama, na Tiatira huitwa Akhisar, mji wenye sifa kwa zeituni zake. Kati ya miji hiyo uko mji wa Soma.

Nchi ya Soma ina mali mbili. Chini ya udongo mna makaa ya mawe. Juu yake husimama mizeituni. Makaa huleta mshahara wa kila mwezi, kwa hiyo wakulima wengi waliacha jembe wakashuka shimoni. Lakini tarehe 13 Mei 2014 moto ulizuka katika shimo moja, hewa ya sumu ikaenea, wakafa wachimbaji 301.

Mwaka ule ule kijiji cha Yırca, karibu na Soma, kilipata msiba wake. Kampuni moja ilitaka kujenga pale mtambo wa umeme wa makaa. Wanakijiji wakalinda mashamba yao. Hata hivyo, tarehe 7 Novemba miti yapata 6,000 ilikatwa. Siku ile ile ikajulikana kwamba mahakama kuu ya serikali imesimamisha kutwaliwa kwa mashamba hayo. Haki ilipatikana, lakini miti ilikuwa imekwisha kulala chini. Mtambo haukujengwa juu ya mashamba yale, na wanakijiji wakapanda tena. Wanawake nao wakaanza kutengeneza sabuni kwa mafuta ya zeituni, wapate fedha ya nyumbani.

Tusijidanganye: mzeituni haulipi kila mwezi. Mche hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mara nyingi mwaka wa mavuno mengi hufuatwa na mwaka wa mavuno haba. Lakini ukishika mizizi, waweza kuishi karne nyingi. Matunda huliwa, mafuta hupikiwa, na hata makapi yaliyokamuliwa hufaa kuwashia moto. Kaa likichomwa limekwisha. Mti ukichumwa huzaa tena.

Sisi tunaoishi penye michikichi na machimbo tunayaelewa maneno haya. Mshahara wa shimo ni halali, nao hulisha watoto leo. Lakini baba mwenye busara hupanda pia mti, ili wajukuu wake wasikute shimo tupu.