Ua Mmoja, Nyumba Mbili



Mjukuu wangu ana umri wa miaka kumi na mmoja, kazaliwa hapa hapa Aston, na kwa muda mrefu Kiswahili chake kilikuwa cha kuitikia tu: "naam Bibi", "sitaki", "nimeshiba". Nimesomesha lugha hii maisha yangu yote, na huyu wa nyumbani mwangu akanishinda. Nilimnunulia vitabu, akavipanga vizuri juu ya rafu, vikakaa. Basi majira ya baridi yaliyopita aliponiomba ruhusa ya kucheza Minecraft na binamu yake aliyeko Unguja, nilimjibu kuwa haiwezekani. Michezo ya kompyuta niliihesabu kuwa ni kupoteza wakati, na ya kwenye intaneti ni kupoteza wakati pamoja na hatari juu yake.

Baba yake ndiye aliyenieleza mambo yalivyo, nami nayarudia hapa kwa ajili ya wazazi ambao huambiwa "ni mchezo tu" wakanyamaza. Ipo michezo inayoweza kuchezwa baina ya kompyuta zilizomo katika nyumba moja. Mmoja akiufungua ulimwengu wake, kompyuta yake hupiga mwito katika mtandao wa nyumba: nani yupo? Waliomo husikia na kuingia. Mwito huo hauvuki ruta, kama vile sauti ya mama aitaye wanawe uani isivyofika mtaa wa pili. Minecraft ina njia hiyo tangu mwaka 2012.

Sasa mtoto wa Witton Road na mtoto wa Michenzani wataingiaje ua mmoja? Hila yenyewe ni ya zamani. Doom, mchezo uliotoka mwaka 1993, uliwasiliana kwa kanuni iitwayo IPX, ambayo intaneti haiipitishi. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 ikatokea programu iliyoyachukua mawasiliano hayo na kuyatia ndani ya bahasha za intaneti, yakasafiri na kufunguliwa upande wa pili, na mchezo usitambue kuwa umetoka nje ya nyumba. Programu hiyo iliitwa Kali, na sijui Mswahili gani asiyelipenda jina hilo. Mwaka 2004 ikaja Hamachi, ambayo huzipa kompyuta zilizo mbalimbali anwani kana kwamba zimo katika ua mmoja wa kufikirika, wenye jina lake na neno lake la siri. Hiyo ndiyo aliyoitumia mwanangu.

Kazi ilichukua siku mbili. Kizuizi cha usalama cha kompyuta ya Unguja kilikataa kumfungulia mgeni, kisha umeme wa huko ukakatika. Ilipokubali, niliona binamu anapiga jiwe na jiwe linasita kidogo kabla ya kuvunjika. Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na waya wenyewe wazunguka Bahari ya Shamu. Hata hivyo ni afadhali. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani yetu mwaka 2009, habari zilipandishwa hadi setilaiti iliyo juu kilomita 36,000, na jibu lilichukua nusu sekunde hata kurudi. Kwa mchezo wa namna hii nusu sekunde ni nyingi mno.

Lakini lililonifanya niweke tasbihi chini ni maneno. Watoto walikuwa wakizungumza kwa simu huku wakicheza, na binamu Kiingereza chake hakitoshi kugombana nacho. Basi huyu wa "nimeshiba" nikamsikia: "Ngoja! Usivunje hapo! Leta mawe, si mchanga!" Walikuwa wakijenga Beit el-Ajaib, ile ya Seyyid Barghash ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Na mwezi wa Desemba jua la Unguja huzama takriban saa tisa u nusu kwa saa za huku, na letu hapa karibu na saa kumi. Mchezo ukawa unasimama mara mbili: adhana ya kule husikika kwenye simu, wakaagana, na wakirudiana haupiti muda mrefu ila na sisi twatandika miswala.

Mwezi wa Februari yakatokea yaliyotokea. Mjukuu wangu alimpa rafiki yake wa shule neno la siri, rafiki naye akampa mwingine. Alasiri moja akaingia mtu wa jina wasilolijua, akavunja ukumbi wa mbele wote, kisha akaandika kumwuliza mtoto anakaa mtaa gani. Alhamdulillah, mtoto alikuja kwangu kabla ya kujibu. Kosa langu mimi ni kuwa nilijituliza kwa lile neno "mtandao wa nyumbani", nikaona wamo ndani. Ua ule wa kufikirika una mlango, na aliyeingia hachezi tu; aweza pia kuibishia hodi kompyuta yenyewe na mafaili mliyoyaweka wazi kwa wenzenu wa nyumba. Mwanangu aliufuta usiku ule ule, akafungua mwingine wenye jina jipya.

Wenzangu wawili wa msikitini walinishauri nipige marufuku moja kwa moja. Nimekataa, wanisamehe. Nikifunga, mtoto atarudi kwenye "sitaki" na "nimeshiba", na binamu yake atabaki kuwa picha ya Idi. Neno la siri jipya ninalo mimi, limeandikwa kwenye karatasi ndani ya mkoba wangu, nami hukaa chumba kile kile wanapocheza.

Juzi aliteremka mbio kutoka ghorofani kuniuliza, "Bibi, boriti ni nini? Anasema dari haisimami bila boriti." Nikamweleza habari za mikoko, inavyokatwa na kupakiwa majahazini, na kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa kadiri ya urefu wa mti. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda kumweleza mwenzake, kwa Kiswahili, na wakabishana tena.