Kariakoo, Mwaka wa Uchaguzi

Mwaka 2005 nilikuwa kijana wa duka la uchapaji Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Tulikuwa na kompyuta zenye skrini za chogo, printa, mashine ya fotokopi na feni iliyozungusha joto lilelile kutwa nzima. Kazi zote zilipita kwenye programu ya kuchorea ya CorelDRAW.

Riziki yetu ya kila siku ilikuwa kadi: za mchango, za sendofu, za harusi. Fundi mkuu alinifundishia kwenye kadi hizo. Ua tulilolitoa kwenye CD ya picha lilikuwa na mamia ya vipande. Ukiburuta jani moja, linatoka peke yake na kuacha pengo. Lakini ukiteua vyote ukabonyeza Ctrl na G, ua linakuwa kitu kimoja, yaani kundi. Ukilisogeza, linakwenda zima; ukilipunguza, kila petali hupungua kwa uwiano uleule. Ukibonyeza Ctrl na U, kila kipande kinajitegemea tena, na rangi yake haijaguswa.

Alinionya nisichanganye amri ya Ctrl na G na ile ya Ctrl na L. Ile huyeyusha maumbo yote kuwa umbo moja lenye rangi moja, na pale yalipopandana panatoboka. Kundi halifanyi hivyo. Kila kilichomo hubaki kama kilivyo.

Kanuni yake ilikuwa kupanga kundi ndani ya kundi. Majina ya maharusi na nakshi yake, kundi. Tarehe na ukumbi, kundi. Wanakamati na namba zao za simu, kundi. Kisha yote yanafungwa kuwa kadi moja, ili nne zipangike kwenye karatasi ya A4. Namba ya mweka hazina ikibadilika, unashikilia Ctrl, unabofya namba hiyo tu na kuirekebisha, na kadi haitikisiki. Akimwona mtu anafumua kila kitu kwa amri moja, alisema, "Mdogo wangu, atakayelifungua faili hili kesho ataanzia wapi?"

Jibu tulilipata mwaka huohuo. Duka lilijaa mabango, kalenda na vipeperushi vya wagombea ubunge na udiwani, vyote vikitaja tarehe 30 Oktoba. Siku chache kabla ya kura, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa urais kwa tiketi ya CHADEMA, akafariki dunia. Zanzibar ilimchagua rais wake tarehe 30 kama ilivyopangwa, lakini uchaguzi wa Muungano ukasogezwa hadi 14 Desemba. Wapambe wa wagombea wakarudi dukani, kila mmoja akitaka chake kwanza.

Mafaili ya fundi mkuu hayakutusumbua. Tarehe ilikuwa kwenye kundi lake, pamoja na utepe wake wa rangi. Tulibadilisha maneno, tukachapa. Kazi zilizoletwa kutoka nje ndizo zilizotukesha. Vitu vilitapakaa bila mpangilio, kivuli cha herufi kikiwa huku na herufi yenyewe kule. Ukisogeza tarehe, utepe unabaki nyuma. Nyingine ilitubidi tuzichore upya, mteja akiwa amesimama mgongoni.

Siku hizi nafanya kazi kwa Inkscape, na Ctrl na G bado inakusanya vitu kuwa kundi. Tena makundi sasa nayapa majina kwenye orodha ya vitu: tarehe, picha ya mgombea, nembo. Anayekuja kujifunza kwangu namwanzisha hapo, kabla hajagusa vivuli na madoido, na silikubali faili ambalo mwenzake hawezi kulirekebisha bila kumpigia simu. Wateja hurudi na tarehe hubadilika, na siku hiyo aliyechora huenda hayupo. Kupanga makundi vizuri ni heshima kwa mtu huyo atakayeshika kazi baada yako.