Msitu wa Njoro na msitu wa kwenye runinga

Kutoka katikati ya mji wa Moshi hadi Njoro si safari ya kufungia mizigo. Familia inaweza kwenda asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mlima unabaki nyuma, joto la tambarare linaanza kusikika, kisha panapoanza miti hewa inabadilika na ardhi inakuwa na unyevu.

Jina Njoro limetoka kwenye lugha ya Kimaasai, na maana yake ni chemchemi. Mvua inayonyesha kwenye ukanda wa misitu wa Kilimanjaro hupenya ardhini, husafiri chini ya miamba ya volkano, kisha huibuka huku chini. Watoto wengi hudhani maji haya yote ni theluji ya kileleni iliyoyeyuka, kumbe sehemu kubwa ni mvua ya msituni. Mizizi ya miti hunywa maji hayo ya chini ya ardhi, na ndiyo maana msitu wa aina hii hubaki kijani hata kiangazi kinapokausha mashamba. Hata mtaa wa Njoro ya Dobi umebeba maji katika jina lake, kwa kuwa dobi ni mfua nguo.

Jirani upo msitu wa hifadhi wa Rau, wenye mivule mikubwa, mbega na kima. Humo pia unaota msoo, mti adimu unaopatikana sehemu chache sana duniani. Jina lake la kisayansi, Oxystigma msoo, limebeba neno la huku huku.

Lakini mtoto wa leo huujua msitu wa Afrika kwenye simu kabla hajaingia kwenye msitu wowote. Tamthilia za zamani, zikiwemo za majasusi wa Kiingereza, sasa zinapatikana kwa kubonyeza tu. Moja ya zilizopendwa sana ni The Avengers, iliyoonyeshwa Uingereza kati ya 1961 na 1969. Shujaa wake ni John Steed, aliyechezwa na Patrick Macnee, bwana wa kofia nyeusi na mwavuli. Msaidizi wake maarufu zaidi ni Emma Peel, aliyechezwa na Diana Rigg.

Sehemu moja ya tamthilia hiyo, iliyorushwa Januari 1966, inaitwa Small Game for Big Hunters. Inahusu nchi ya Afrika iitwayo Kalaya, ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Kalaya imeshapata uhuru, lakini kundi la Waingereza halijakubali. Kanali mmoja mzee amejitengenezea Kalaya yake mwenyewe huko Hertfordshire, Uingereza: jumba lenye joto la kupandisha jasho na mimea ya kitropiki. Mtu anachomwa mshale na kulala usingizi usioamka, na watu wananong'ona kuhusu uchawi.

Mwishoni Steed anagundua kwamba hakuna uchawi wowote. Wabaya wanazalisha mbung'o, yule inzi anayeitwa pia ndorobo, wa aina isiyokufa kwa dawa. Wanataka kumwachia Kalaya ili malale iiangushe nchi na wao wairudishe mikononi mwao.

Ni hadithi ya kuchekesha, na waandishi wake waliwacheka pia wakoloni walioshindwa kukubali kwamba zama zao zimekwisha. Hata hivyo, picha inayobaki kichwani mwa mtoto ni ile ya mshale, uchawi na ugonjwa. Mwaka huo wa 1966 Tanzania ilikuwa na miaka miwili tu tangu Muungano, na hapakuwa na kituo cha televisheni hata kimoja nchini. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni 1973. Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza. Kwa hiyo picha ya Afrika ilichorwa studio za Uingereza, na wenye misitu yao hawakupata nafasi ya kusema, "Jamani, hivyo sivyo."

Mbung'o mwenyewe si wa kutungwa. Dume na jike wote hunyonya damu. Hueneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo, na kwa karne nyingi walizuia watu kufuga ng'ombe kwenye maeneo makubwa ya Afrika Mashariki. Kilichofanyika Tanzania juu ya mdudu huyu kinaizidi tamthilia, na kinaanzia kwenye mji uliounganishwa na Moshi kwa reli tangu 1911, yaani Tanga.

Huko Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, wataalamu walizalisha inzi hawa kwa mamilioni ndani ya vyumba vyenye joto, kama wale wabaya wa Hertfordshire, lakini kwa nia iliyo kinyume kabisa. Kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, madume yalipigwa mionzi ili yawe tasa, kisha yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa cha Unguja.

Ujanja wake unaeleweka hata na mwanafunzi wa darasa la tano. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na hazai mayai mengi kama inzi wa nyumbani. Hulea buu mmoja mmoja tumboni. Akikutana na dume tasa, hazai. Kizazi kikipungua mara kadhaa mfululizo, ukoo wote unakatika.

Kati ya 1994 na 1997 madume tasa yapatayo milioni 8.5 yaliachiwa Unguja. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na tangu hapo wafugaji wa kisiwa hicho hawana tena hofu ya mbung'o kwa ng'ombe wao.

Mzazi anayetembea Njoro na watoto ana nafasi nzuri ya kuwasimulia habari hizi mbili pamoja. Tamthilia haina haja ya kupigwa marufuku nyumbani. Inatosha kuitazama pamoja na mtoto, kisha kumuuliza: Kalaya iko wapi? Nani aliichora? Kwa nini aliweka uchawi mahali ambapo sisi tuna maabara? Mtoto aliyekwisha kushika maji ya chemchemi na kuangalia juu hadi shingo ikauma kutafuta kilele cha mvule hadanganyiki kirahisi na msitu wa vioo.

Safari yenyewe haihitaji mengi: viatu vilivyofunikwa, maji ya kunywa, na mtoto mdogo ashikwe mkono karibu na chemchemi. Kwa hifadhi ya Rau, ni vyema kwenda na mwongozaji wa eneo hilo. Familia itakayoendelea hadi hifadhi kama Tarangire, ambako mbung'o wapo, iache nyumbani nguo za bluu na nyeusi, kwa sababu rangi hizo humvutia inzi huyo.

Na kuna jambo moja la kumwonyesha mtoto kabla ya kuondoka. Mji wa Moshi unakua, na nyumba zinausogelea msitu kila upande. Anayekata mti kando ya chemchemi au kutupa taka kwenye mkondo wa maji anaharibu kisima cha jirani yake. Jumba la vioo la Hertfordshire lilivunjwa studio baada ya kupigwa picha, na kesho yake wangeweza kujenga jingine. Chemchemi ya Njoro ikikauka, hakuna fundi wa studio atakayeijenga upya.